Risasi kwenye sukuma wiki: namba 14.1 ilitoka wapi

Kikundi cha wakulima wanaolima sukuma wiki kandokando ya mto, upande wa mashariki mwa Nairobi, kiliambiwa na mnunuzi wake, anayepikia shule kadhaa, kilete cheti cha maabara. Majani yakapelekwa. Cheti kikarudi na mstari mmoja tu wa maana: risasi (ile metali yenye sumu, kwa Kiingereza lead), 14.1 mg/kg. Mnunuzi akatazama viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, akaona kikomo cha risasi kwa mboga za majani ni 0.3 mg/kg, akapiga hesabu na kupata mara 47. Biashara ikaishia hapo.

Hiki ni kisa cha kufundishia. Wahusika hawana majina, na takwimu zimepangwa ili msomaji azifuate kwa kalamu na karatasi. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni ya kawaida kabisa kwa yeyote anayepima mboga kwa mashine ya ufyonzaji wa atomu, ile ambayo maabarani huitwa AAS tu.

Hofu ya mnunuzi haikuwa ya bure. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi haiozi wala haiyeyuki ikaenda zake. Iliyotua kando ya barabara kwa miongo kadhaa ingali kwenye udongo wa juu. Utafiti uliofanywa kwa niaba ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 kuhusu jaa la taka la Dandora, Nairobi, ulikuta nusu ya watoto waliopimwa wana risasi damuni kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa hiyo swali la mnunuzi lilikuwa sahihi. Jibu ndilo lililokuwa na kasoro, na kasoro hiyo inapimika.

Maabara ilifanya nini

Majani yalioshwa kwa maji ya mfereji, yakasuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa, yakakaushwa kwenye oveni ya nyuzi 70 mpaka uzito ukaacha kushuka, kisha yakasagwa. Gramu 1.000 ya unga ikawekwa kwenye mrija, ikaongezwa mililita 10 za asidi ya nitriki kali, ikaachwa usiku kucha kwenye kabati la kufyonza mvuke. Hatua hiyo ya usiku ni ya busara: unga wa sukuma ukipashwa moto papo hapo hufura povu, povu likamwagika, na sampuli ikawa imekwenda. Kesho yake mrija ulipashwa moto, ukapozwa, ukaongezwa mililita 3 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 tone kwa tone, ukarudishwa kwenye moto. Myeyusho uliobaki ulichujwa na kujazwa maji hadi mililita 25.

Hapa kuna jambo linalowahusu watu wa Nairobi hasa. Maelekezo mengi ya kazi hii yaliandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Jiji hili liko juu, kiasi cha mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na asidi ya nitriki nayo huchemka mapema kuliko zile nyuzi 120 na ushei zinazotajwa vitabuni. Ukikaa kwenye dakika zilizoandikwa, unaweza kuondoa mrija kabla kazi haijaisha. Tazama dalili: mvuke wa kahawia uwe umekoma, myeyusho uwe angavu wenye umanjano hafifu, na kinachobaki chini kiwe mchanga mweupe wa silika peke yake. Chembe za kijani au kahawia zikionekana, ongeza asidi na uendelee.

Maabara hii ilifanya vizuri pia kutotumia asidi ya salfuriki. Wapo wanaoiongeza ili kuharakisha uunguaji. Kwa risasi hiyo ni hasara ya moja kwa moja, kwa sababu salfeti ya risasi huyeyuka kwa shida sana, na salfeti ya kalsiamu inapotuama huiburuta risasi chini pamoja nayo. Ukichuja, risasi yako inabaki kwenye karatasi.

Basi myeyusho ukapelekwa kwenye mashine. Wimbi la mwanga lililochaguliwa ni la nanomita 217.0. Standadi nne, yaani miyeyusho ambayo risasi yake inajulikana, za 0.5, 1, 2 na 4 mg/L, zilichora mstari mnyoofu ambao kila 1 mg/L inasoma ufyonzaji (kipimo cha mwanga ulionyonywa) wa 0.0230. Sampuli ikasoma 0.0130. Gawanya kwa 0.0230, unapata 0.565 mg/L. Zidisha kwa mililita 25, gawanya kwa gramu 1: 14.1 mg/kg. Hesabu haina kosa hata moja.

Kavu na mbichi

Kosa la kwanza ni jepesi na halihitaji mashine kuligundua. Hiyo 14.1 ni kwa kilo ya unga mkavu. Kikomo cha Codex ni kwa mboga mbichi, kama inavyouzwa. Majani haya yalikuwa na maji asilimia 87, maana yake gramu 100 mbichi hutoa gramu 13 kavu. Zidisha 14.1 kwa 0.13, unapata 1.83 mg/kg. Kutoka mara 47 tumeshuka hadi mara 6.

Maji hayo lazima yapimwe siku ileile majani yanapofika. Sukuma iliyolala kwenye gunia kwa siku mbili imenyauka, na uwiano wake si ule wa shambani. Gramu 20 za majani mabichi kwenye sahani, oveni, mizani: kazi ndogo ambayo isipofanyika matokeo yote yananing'inia hewani. Na cheti kisichotaja kama namba ni ya kavu au mbichi kirudishwe kilikotoka.

Lakini hata mara 6 ni nyingi. Tungeishia hapo, wakulima wangebaki na lawama.

Nani amenyonya mwanga?

Taa ya mashine hii ina kathodi iliyotengenezwa kwa risasi, hivyo hutoa mawimbi yaleyale ambayo atomu za risasi huyanyonya. Myeyusho hunyunyizwa ndani ya moto wa hewa na asetilini, atomu huachiliwa huru, zinanyonya sehemu ya mwanga, na kipima mwanga upande wa pili huhesabu upungufu. Mashine haijui nani amenyonya. Inajua tu kwamba mwanga umepungua.

Sukuma wiki ina kalsiamu nyingi, ndiyo sifa yake njema mezani. Unga mkavu wenye asilimia 2 ya kalsiamu hutoa miligramu 20 kwa gramu moja, na hizo ndani ya mililita 25 ni 800 mg/L. Ongeza potasiamu, ambayo ni nyingi zaidi, pamoja na magnesiamu na fosfati. Chumvi zote hizo zinaingia motoni. Sehemu yake haivunjiki kikamilifu hadi kuwa atomu. Hubaki molekuli zinazonyonya mwanga kwa upana, na chembe ndogo zinazoutawanya pembeni. Huu ndio ufyonzaji wa usuli. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo unavyokuwa mkubwa, na 217.0 ni wimbi fupi. Standadi za maabara zilikuwa risasi ndani ya asidi na maji, hazina kalsiamu hata chembe, kwa hiyo hazikuonyesha dalili yoyote ya tatizo hili.

Mashine nyingi huwa na dawa yake: taa ya pili, ya deuteriamu, inayotoa mwanga mpana usiochagua wimbi. Taa ya risasi hupima risasi pamoja na usuli. Ya deuteriamu hupima usuli, maana risasi hunyonya kipande chembamba mno cha mwanga wake mpana kiasi cha kutohesabika. Mashine inatoa usomaji wa pili kwenye ule wa kwanza. Katika kisa hiki taa ya deuteriamu ilikuwa imechoka. Programu ilikuwa ikitoa onyo kwamba nguvu za taa mbili hazilingani, na usomaji ukirukaruka. Usahihishaji wa usuli ukazimwa ili namba zitulie. Zikatulia kweli, zikiwa kubwa kupita kiasi.

Namna ya kuthibitisha haya bila taa mpya ipo, na inapaswa kujulikana na kila fundi wa AAS. Taa ya risasi hutoa pia wimbi la 220.4, ambalo atomu za risasi zilizo motoni kwa kawaida hazilinyonyi. Sogeza mashine hapo, usibadilishe moto wala kimo cha bana (kichwa ambacho moto hutokea), pitisha sampuli ileile. Chochote kitakachosomwa si risasi. Sampuli ikasoma 0.0110. Toa kwenye 0.0130, inabaki 0.0020, yaani 0.087 mg/L, sawa na 2.2 mg/kg kavu na 0.28 mg/kg mbichi.

Ushahidi wa pili: soma sampuli kwa wimbi la 283.3. Hapo mashine haioni risasi kwa ukali kama kwenye 217.0, katika kisa hiki 1 mg/L ilisoma 0.0098. Kama ni risasi tupu, mawimbi mawili yakupe jibu moja. Bila usahihishaji, 283.3 ilisoma 0.0035, ambayo ni 8.9 mg/kg kavu dhidi ya 14.1. Risasi moja haiwezi kuwa na uzito wa aina mbili kwenye chupa moja. Tofauti hiyo ndiyo usuli unaopungua wimbi linapokuwa refu.

Wa tatu ni myeyusho wa kalsiamu safi ya 800 mg/L na potasiamu ya kiwango kinachokaribiana na sampuli, usio na risasi. Ukisoma juu ya sifuri, umeona kwa macho yako.

Asilimia 96 iliyowapoteza

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na funzo zito, maana maabara ilikuwa na ukaguzi wa ubora na ukaguzi huo ulipita. Walichukua gramu nyingine ya unga, wakapandikiza mililita 0.5 ya risasi ya 10 mg/L kabla ya kuongeza asidi. Hiyo ni maikrogramu 5, sawa na 0.2 mg/L kwenye mililita 25. Sampuli iliyopandikizwa ilisoma 0.0174. Tofauti na ile ya kwanza ni 0.0044, yaani 0.191 mg/L. Asilimia 96 imerudi. Mkaguzi yeyote angetia saini.

Sasa tazama kilichopimwa. Usuli wa 0.0110 upo kwenye sampuli zote mbili, na kutoa kumeufuta. Upandikizaji unakuambia kama risasi ilipotea kwenye mrija, kwenye karatasi ya kuchujia au ndani ya moto. Haukuambii kama kuna kitu kingine kinachojiongeza juu ya kila usomaji kwa kiasi kilekile. Mbinu ya kuongeza standadi hatua kwa hatua ndani ya sampuli ina upofu huohuo: hurekebisha mteremko wa mstari, haigusi mahali mstari unapoanzia. Kuzimua sampuli nako hakusaidii sana, kwa sababu risasi na usuli vinapungua pamoja.

Kinachofichua ni unga rejea wenye cheti, wa majani ya mmea, ambao risasi yake inajulikana na ni ndogo. Ukisoma mara tano ya kilichoandikwa, hakuna pa kujificha. Uwe wa majani kweli. Unga wa nafaka una kalsiamu kidogo mno, utapita salama pale ambapo sukuma itaanguka. Maabara zinazotafuta ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, kutoka KENAS, shirika la ithibati la Kenya, hununua unga rejea. Swali la kuuliza ni kama unafanana na kitu wanachokipima kila siku.

Moto una mwisho wake

Taa mpya ya deuteriamu ikafungwa, zote mbili zikaachwa dakika 30 zitulie, nguvu zikasawazishwa. Usomaji ukakubaliana na ule wa 220.4: kiasi cha 0.28 mg/kg mbichi. Mtu anaweza kushawishika kuandika "0.28, chini ya 0.3, salama" na kufunga faili. Asifanye hivyo.

Blanki, yaani mrija uliopitia asidi, moto na kuchujwa bila unga, ilisomwa mara 10. Mtawanyiko wake sanifu, yaani kiasi ambacho usomaji huo ulitofautiana, ulikuwa 0.0005. Kikomo cha kugundua ni mara 3 ya hapo, 0.0015, ambacho kwa vipimo vya kisa hiki ni 0.21 mg/kg mbichi. Kikomo cha kutaja kiasi kwa kujiamini ni mara 10, 0.0050, nacho ni 0.71 mg/kg. Kikomo cha Codex cha 0.3 kiko katikati ya hivi viwili. Kwa lugha nyepesi, moto unaweza kusema risasi ipo. Hauwezi kusema kama imevuka 0.3. Kutumia AAS ya moto kuamua suala hili ni kupima uzi kwa futi ya seremala.

Mambo machache huongeza mtetemo wa usomaji, na yote yanarekebishika. Mtungi wa asetilini ukikaribia kuisha, asetoni iliyomo huanza kupanda na gesi, nayo hunyonya mwanga wa mawimbi mafupi; badilisha mtungi kabla shinikizo halijashuka chini ya takriban kilopaskali 500. Chumvi za sukuma huganda kwenye ufa wa bana na moto unatokea meno. Zima, acha ipoe, safisha. Umeme ukikatika na kurudi, usiendelee pale ulipoishia: taa zipashwe upya na standadi zisomwe upya. Vyombo vyote vilale usiku mzima kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, la sivyo blanki yenyewe itakuwa na risasi.

Tanuru la grafiti

Myeyusho uleule ulipelekwa kwenye maabara yenye tanuru la grafiti. Badala ya kunyunyiza mililita kadhaa kila dakika ndani ya moto, ambako sehemu kubwa huishia kwenye bomba la taka, maikrolita 20 huwekwa ndani ya mrija mdogo wa grafiti unaopashwa kwa umeme hatua kwa hatua. Atomu zote zinatoka kwa mpigo na kukaa kwenye njia ya mwanga kwa muda mrefu zaidi. Ugunduzi unashuka kutoka mg/L hadi µg/L.

Risasi ni nyepesi kuondoka, na hilo ndilo la kuangaliwa. Bila kirekebishi, yaani kemikali ya kuizuia, inaanza kupaa wakati chumvi bado zinaunguzwa. Fosfati ya amonia pamoja na nitrati ya magnesiamu huishika, ukaweza kuunguza chumvi kwenye nyuzi 850 hivi na kuachilia risasi kwenye 1,500 hadi 1,600. Usuli wa tanuru ni mkubwa kuliko wa moto, kwa hiyo usahihishaji wa Zeeman, unaotumia sumaku na kupima usuli kwenye wimbi lilelile la risasi, unafaa kuliko wa deuteriamu.

Myeyusho ulizimuliwa nusu kwa nusu na ukasoma 22 µg/L. Mara 2 ni 44. Kwa mililita 25 ni maikrogramu 1.1 ndani ya gramu moja. Hiyo ni 1.1 mg/kg kavu, na 0.14 mg/kg mbichi. Chini kidogo ya nusu ya kikomo, si mara 47. Kwamba moto ulisema 0.28 si ajabu, kwa sababu pale ulikuwa chini ya uwezo wake wa kutaja kiasi.

Unga mwingine wa majani ya shamba hilohilo, yasiyooshwa, ulisoma 1.9 mg/kg kavu, sawa na 0.25 mbichi. Tofauti hiyo ni vumbi. Inawahusu wapishi moja kwa moja: sukuma ioshwe ikiwa majani mazima, kabla ya kukatwa. Ile inayokatwa nyembamba kibandani na kuoshwa baadaye, au isioshwe kabisa, inaingia sufuriani na udongo wake.

Cheti kilivyopaswa kuandikwa

Cheti kipya kilisema: risasi 0.14 mg/kg, uzito mbichi, maji asilimia 87, majani yaliyooshwa, tanuru la grafiti lenye usahihishaji wa usuli, pamoja na kikomo cha kutaja kiasi, matokeo ya unga rejea na kadirio la kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea. Mnunuzi anaweza kulisoma hilo na kuuliza maswali. Mstari mmoja wa "14.1 mg/kg" ulimnyima nafasi hiyo.

Shamba lenyewe bado halijapimwa. Kwa udongo, bunduki ya eksirei, kifaa cha kupimia metali kinachoshikwa mkononi, inatosha kwa mchujo wa kwanza, kwa kuwa risasi ya kuogopwa kwenye udongo ni mamia ya mg/kg, si sehemu ya moja. Risasi isomwe kwenye mstari wake wa 12.6 keV (kizio cha nishati ya eksirei), ule wa 10.5 unagongana na arseniki, na mmoja unaweza kusomwa kama mwingine. Udongo ukaushwe, upepetwe kwenye chekecheke la milimita 2, usipimwe ukiwa na maji. Majani yachukuliwe tena Februari, vumbi likiwa limekithiri, na mara nyingine Juni baada ya mvua za masika, kila safari mashina yasiyopungua 15 kutoka pembe zote za shamba, yale ya kando ya barabara yakitiwa kwenye mfuko wake peke yake.